Birika Lililowaka Kabla ya Adhana

Jumatatu, tarehe 19 Januari 1998. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika kwa muda, lakini wingu lilikaa chini kabisa. Mlima Meru haukuonekana hata miguuni pake, na maji ya mfereji yalipita mbele ya mlango wa hoteli yangu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa Ramadhani, siku ya kumi na tisa. Nilikuwa nimeswali alfajiri na kubaki juu ya msala na tasbihi mkononi, lakini uradi haukuendelea. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imejaa mdomoni mahali ambapo jina la Mungu lilitakiwa kuwa.

Ilianza jana yake jioni. Jirani yangu Hafidha, ambaye huuza vitumbua kando ya barabara, aliingia jikoni kwangu kabla ya adhana ya magharibi, sinia lake likiwa bado limejaa nusu. Nilimuuliza mbona amerudi mapema. Akasema walinzi wa Mtaa wa Zamani, yale maduka mapya ya kwenye kona, wamemfukuza, kwamba anaharibu sura ya mahali pao. Lakini si hilo lililomleta. Alikuwa amepita kwa Mzee Abdulsalam kuchukua bakuli, na amemkuta amekwisha kufuturu. Uji ulikuwa umenywewa wote. Kokwa tatu za tende zilikuwa kwenye kisahani. Na hapo alipokuwa akinieleza, mimi nikiwa na mwiko mkononi, mwadhini alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Nikamwonyesha kwa mkono, mzee, vipi tena?" Hafidha alisema. "Akanionyesha dirishani. Akanionyesha birika lako."

Birika hilo halikuwa langu tena, na hapo ndipo penye maneno.

Lilikuwa la baba yangu. Baba, Jamaldini, Mrangi wa Kondoa, alikuja Arusha kukata mkonge kwenye mashamba ya Nduruma, na baada ya miaka minane ya mkonge akafungua hoteli ya chai hapa Kaloleni. Alipopata nguvu kidogo akaagiza taa Nairobi. Ilikuwa birika kubwa la mirija ya kioo iliyokunjwa, yenye gesi ndani, mwili wake mwekundu, na juu ya mdomo wake mistari mitatu ya bluu iliyowaka kwa zamu kama mvuke unapanda. Mzee Abdulsalam wakati ule alikuwa dereva wa lori la mkonge. Ndiye aliyelileta, limelazwa juu ya godoro, na mpaka leo husema kwamba kutoka Namanga alipita kila shimo kama amebeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa.

Mchana wa Ramadhani baba alilizima. Jioni, mwadhini akitamka neno la kwanza tu, baba alishusha swichi. Msikiti wetu haukuwa na kipaza sauti, na adhana haikufika ng'ambo ya mfereji, lakini birika lilionekana mpaka kule. Watu wakazoea. Kina mama walimweka mtoto dirishani kutazama, na likiwaka nyumba nzima ilinyoosha mkono kwenye tende. Hakuna aliyelipanga hilo wala kuliandika. Baba alipofariki nikaishika swichi mimi, na nikawa siigusi mpaka nimesikia kwa masikio yangu.

Kipaza sauti kilipokuja watu waliacha kutazama birika, isipokuwa mmoja. Mzee Abdulsalam masikio yalimfa kabisa mwaka 1990, na macho yakaingia mtoto wa jicho. Saa ya ukutani anaiona kama sahani nyeupe. Wingu na magharibi kwake ni kitu kimoja. Lakini mwanga mwekundu anauona, na chumba chake kinatazama barabara.

Mimi na yeye tunazungumza kwa kibao. Masikio yake yalipokufa nilikwenda kujiandikisha masomo ya jioni, mwanamke wa miaka arobaini na saba nisiyejua a wala be, kwa kuwa sikutaka kuzungumza na rafiki ya baba yangu kwa vidole kama ninayemwita kuku. Nilipojua kuandika nilimnunulia kibao cheusi na chaki. Nikiandika kwa herufi kubwa na akikiweka karibu na dirisha, anasoma. Neno la kwanza nililomwandikia lilikuwa SHIKAMOO, na aliitikia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa fundi baiskeli.

Septemba mwaka jana alikuja Nasri. Alikuwa msimamizi wa kampuni iliyonunua ghala la kahawa lililokuwa pale kwenye kona, nyumba nne kutoka kwangu. Kijana wa Tanga, shati limenyooka, maneno matamu. Akasema ghala litakuwa maduka, na maduka yatapangwa kama Arusha ya zamani, ili wageni wakija waone mji ulivyokuwa. Alikuwa akizunguka kununua mabango ya maduka ya kale. La bekari alikwisha kulipata. La studio ya picha pia, na la Lemburis kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa ghala hilo kwa miaka ishirini na kikavunjwa ghala lilipouzwa.

Nasri alikunywa chai yangu na kula chapati mbili. Akaahidi kwamba mirija iliyopasuka itatengenezwa, birika litapandishwa juu ya paa, na chini yake litaandikwa jina la baba. Nilisema nina sharti moja tu. Ramadhani liwake kwa adhana, si kabla, kwa sababu kuna mtu analitegemea. Na mtu mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, kwa kuwa nilimwita Mzee Abdulsalam awe shahidi wangu.

Nasri aliweka kiganja kifuani. "Mama, mimi ni Mwislamu kama wewe," alisema. "Hilo la kuniambia mimi?"

Kisha akatoa karatasi. Niliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, na yeye akanisubiri kwa adabu. Sharti langu halikuwamo. Nililiona hilo vizuri. Sitasema nilidanganywa kwa kutojua kusoma, kwa maana nilijua. Niliona aibu. Mtu amekaa juu ya mkeka wangu, kikombe changu mkononi mwake, amekwisha kunitajia Uislamu wake, halafu nimwambie aliandike? Kwetu hilo ni sawa na kumwita mwongo mbele ya chakula. Mzee Abdulsalam akauliza kwa sauti yake kubwa, "Litawaka kwa adhana?" Nikamwandikia NDIYO. Akatia sahihi yake, nami nikatia yangu, na Mungu anisamehe, niliifurahia mno sahihi yangu siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza kuitia kwenye karatasi isiyo ya darasani.

Ramadhani ilipoingia maduka yalikuwa hayajafunguliwa. Siku kumi na moja za mwanzo nilikwenda mwenyewe kila adhana kumgusa mzee begani. Tarehe 12, sikukuu ya Mapinduzi, Mtaa wa Zamani ukafunguliwa. Mchana ule nilimwandikia: BIRIKA LINAWAKA LEO. LIFUATE KAMA ZAMANI. Alicheka, akalipangusa dirisha kwa ncha ya kanzu. Jioni nikabaki jikoni na sufuria zangu. Adhana ilipotoka nilichungulia nje, nikaliona linawaka, nikasema alhamdulillahi. Sikujiuliza limewashwa saa ngapi. Hafidha humpelekea mzee chakula alasiri na kwenda kwenye vitumbua vyake. Mzee hubaki peke yake na dirisha lake. Siku saba zikapita hivyo, mvua inanyesha, giza linaingia mapema, na sisi wenye masikio hatukuwa na haja ya kutazama juu.

Basi Jumatatu hiyo, hata jiko sijawasha, nilijifunga kanga mbili nikaenda Mtaa wa Zamani.

Langoni niliwakuta walinzi wawili wamevalishwa kanzu na tarbushi nyekundu. Mmoja nilimfahamu. Ni Loserian, Mwarusha wa upande wa Olmotonyi, Mlutheri, ambaye miezi mingine hula chapati kwangu. Aliponiona alitazama chini. Akanisalimia shikamoo, akasema nimsamehe, hilo ni gauni la kazi tu. Nilimuuliza kama ni yeye aliyemfukuza Hafidha. Akasema ni mwenzake, lakini amri ni ya wote: wauza vitu vidogo wasionekane langoni wageni wanapoteremka.

Nikapita ndani. Nilikuwa sijaingia mle tangu pafunguliwe. Niseme nilichokiona. Walikuwa wamejenga mbele za nyumba tu, mbao zilizopakwa rangi zifanane na ukuta wa chokaa, na madirisha yasiyofunguka. Bango la bekari lilikuwa juu ya duka la vinyago. La studio ya picha lilikuwa juu ya duka la madini. Chini ya bango la Lemburis hapakunyolewa mtu. Paliuzwa miwani ya jua. Kwenye ukuta mrefu walimchora mwanamke mwenye kanga, mnene, meno yote nje, akimmiminia kahawa mzee mwenye kofia. Mchana kweupe, Ramadhani, anamiminiwa kahawa. Na pale chini ya ule mchoro ndipo alipokuwa akisimama Hafidha wa kweli na vitumbua vya kweli, kabla hawajajenga ukuta.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kufukuzwa kwenyewe. Kama wangetaka kujenga kitu kipya kisichotuhusu, wajenge. Siku hizi ni za mwekezaji na soko huria, nani atawazuia. Lakini walitutaka sisi. Walitaka mabango yetu, kofia zetu, kanzu zetu, birika letu. Wenye vitu hivyo tu ndio hawakutakiwa.

Birika lilikuwa juu ya paa, limezimwa, na chini ukutani kilikuwepo kibao cha Kiingereza. Nilisimama nikakisoma polepole. Kiingereza changu ni cha mwaka mmoja na nusu, lakini kilitosha. Kilisema birika hilo lilitoka kwenye mgahawa wa pwani, na kwamba mwenyewe hajulikani.

Nilikisoma mara ya pili, nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Nasri alinipokea ofisini kwake na kunipa kiti. Nilikataa kukaa. Nilimweleza habari ya Mzee Abdulsalam, na sharti, na siku saba. Alilikumbuka sharti, hakukana, na hilo nitamhesabia. Alieleza kwamba taa zote zinawashwa na saa ya umeme iliyotegwa saa kumi na mbili na nusu, kwa amri ya ofisi kuu, kwa sababu wageni hurudi hotelini kwao mapema na birika ndilo wanalokuja kulipiga picha. Likiwaka saa moja kasoro, nani ataliona?

"Ataliona Mzee Abdulsalam," nilisema.

"Kwani hana redio, mama?"

Nikamwambia ni kiziwi, na yeye anajua, maana alikuwa amekaa naye mkeka mmoja. Akasema anasikitika sana, lakini yeye ni mfanyabiashara, si mwadhini. Nilimuuliza kama amefunga. Akasema amefunga, tena kwa kujisifu kidogo. Nyuma ya kiti chake, ukutani, palibandikwa ratiba ya futari inayogawiwa msikitini. Niliisoma kwa sauti, kidole changu kikipita juu ya bega lake: tarehe kumi na tisa, magharibi, saa kumi na mbili na dakika hamsini na tatu.

"Kwa hiyo wewe unajua," nilimwambia. "Kila siku unakaa hapa na tende zako dakika ishirini na tatu, taa inawaka juu ya kichwa chako, na unasubiri. Unajua kwamba inasema uongo."

Akainuka kunifungulia mlango. Alisema tutazungumza baada ya Idi.

Njiani nilimwomba Mungu aniondolee hasira, kwa maana nimefunga, kisha nikamwomba asiniondolee yote.

Baada ya adhuhuri nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu. Alisema anayekula akidhani jua limetua, kisha ikabainika halikuwa limetua, hana dhambi, ila siku hiyo haihesabiki na itabidi ailipe baada ya Idi. Nilimuuliza kama zote saba. Akasema zote saba, na sauti yake ilikuwa ya huruma, lakini hakupunguza hata moja.

Hafidha alinisihi nisimwambie mzee. Alinishika mkono katikati ya ua, akasema mzee ana miaka themanini na mbili, daktari amekwisha kusema moyo wake haufai kushtuliwa, na yeye mwenyewe hana kosa. Tumrudishie ile desturi ya kumgusa bega, tunyamaze kuhusu zilizopita. Mungu anajua yote, si lazima mzee naye ajue. Hafidha ni mwanamke mwema na maneno yake yalikuwa ya upendo. Nilikaribia kuyakubali. Mzee huyo hujivuna kwa kitu kimoja tu duniani, kwamba tangu abaleghe hajawahi kuacha funga ikalala bila kulipwa, hata mwaka alioumia mguu. Nani anataka kuwa mtu wa kumvunjia hilo?

Nikaingia chumbani, nikaswali rakaa mbili, nikakaa. Na jibu nililolipata lilikuwa fupi. Alikwisha kula uongo wangu siku saba. Nikinyamaza nitamlisha wa nane, na huo nitakuwa nimeupika kwa makusudi.

Nilimwandikia hivi: BIRIKA LINAWAKA KABLA YA ADHANA. SIKU SABA. KOSA NI LANGU.

Alikipeleka kibao dirishani. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa. Hafidha alikuwa amesimama mlangoni akilia kimya kimya kwenye ncha ya mtandio. Nilidhani mzee naye atalia, au atanipa maneno ya faraja kama wazee wanavyotegemewa. Hakufanya hivyo. Alikifuta kibao kwa kiganja, akakiweka kitandani, akanitazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mbele ya yule kijana, kalamu iko mkononi."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Ukaniandikia ndiyo."

Nikatikisa tena. Akageukia ukuta. Kisha akataka fimbo na koti. Nilichukua chaki nikamwandikia kwamba mvua imeanza tena. Akasema hakuuliza habari za mvua.

Tulifika langoni kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, mimi nimemshika mkono, Hafidha ameshika mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Mzee aliona kanzu na tarbushi mbele yake, akatoa salamu kamili ya Kiislamu. Loserian alibabaika. Akajibu shikamoo, kisha akakumbuka hasikiwi, akainamisha kichwa.

"Umefunga, mwanangu?" mzee alimuuliza.

Loserian alinitazama mimi. Sikumsaidia. Alivua ile tarbushi, akaitia kwapani, akatikisa kichwa kwamba hapana, na akatupisha. Mwenzake alianza kusema kitu kuhusu amri. Loserian akamwambia anyamaze, huyo ni mzee wa watu.

Ndani watu walikuwa wamejikinga mvua chini ya varanda: wageni wenye kamera, wafanyakazi wa ofisi za mjini, wasichana wawili waliokuwa wakila aiskrimu. Wingu lilikuwa limeshuka, palikuwa giza kama usiku umeanza. Na saa kumi na mbili na nusu, bila mtu kugusa kitu, birika likawaka.

Lilikuwa zuri. Siwezi kusema vinginevyo. Mistari yote mitatu ya mvuke ilipanda mmoja baada ya mwingine, kama ambavyo sijaiona tangu baba akiwa hai. Wageni walipiga makofi. Mwanamke mmoja wa Kizungu alimwona Mzee Abdulsalam na kofia yake na koti lililolowa, akafurahi sana, akamwashiria asogee karibu na ule mchoro wa mnywa kahawa ili apate picha nzuri. Mzee hakumwona. Nilisimama katikati yao, na nikamwambia yule mama kwa Kiingereza changu chote kwamba huyu si mchoro.

Nasri alikuja haraka, anatabasamu na watu wote isipokuwa mimi. Mzee alimshika mkono wa shati.

"Adhana imetoka?" aliuliza, kwa sauti ile ya viziwi isiyojua udogo. Varanda nzima iligeuka.

Nasri alitikisa kichwa kwamba bado.

"Basi zima."

Nasri alinong'ona sikioni mwangu kwamba hawezi, swichi imefungiwa kwenye kabati la chuma na ufunguo uko kwa mhasibu, na niwe na busara nimpeleke mzee nyumbani kabla hajaugua. Kisha, ili watu waone heshima ya mahali, akamwashiria mhudumu, na sahani ya sambusa na gilasi ya juisi ya ukwaju vikaletwa na kuwekwa mezani mbele ya Mzee Abdulsalam. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Niliitazama saa ya Nasri mwenyewe, mkononi mwake.

Mzee alisikia harufu. Alinyoosha kichwa kuelekea kwangu, juu yake birika jekundu likimmulika uso.

"Mwanamkuu," aliniuliza, "ni halali sasa, au bado?"

Sijui kama nitaweza kueleza hasira iliyonishika hapo. Mtu aliyefunga miaka zaidi ya sitini, aliyelibeba birika hilo juu ya godoro, anasimama chini yake mbele ya watu wanaokula na kuuliza kama jua limetua. Nilimtikisia kichwa kwamba bado. Akaisukuma sahani kwa ncha ya fimbo, taratibu, mpaka ikafika ukingoni mwa meza, na mhudumu akaidaka.

Nasri alianza kumwomba radhi kwa ishara. Mzee akainua mkono kumzuia.

"Huyu simjui," alisema. "Aliniahidi nini mimi? Sikumsikia. Aliyeniahidi ni binti wa Jamaldini, kwa maandishi." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeliuza. Wewe ndiye uliyeniandikia nilifuate. Sasa sema mbele ya hawa utafanya nini. Usiandike. Yale ya kuandika nimeyasoma. Sema kwa mdomo wako, wakusikie. Hafidha ataniandikia nyumbani kama umesema la maana."

Sikuwa nimejiandaa. Nilimwona Hafidha na mwavuli wake, na Loserian aliyekuwa ameingia kutoka langoni bila tarbushi, na Nasri anayetazama saa yake, na wageni wasiojua Kiswahili lakini waliotutazama hata hivyo. Nilisema bismillahi, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyozoea.

"Mimi ni Mwanamkuu, binti wa Jamaldini wa Kaloleni. Birika hili ni la baba yangu, na yeyote aliyeandika pale kwamba mwenyewe hajulikani, leo amejulishwa. Nililiuza mimi, na niliona aibu kudai sharti langu liandikwe. Aibu hiyo imekwisha. Kuanzia kesho, kila jioni ya Ramadhani hii, na kila Ramadhani nitakayoikuta nikiwa hai, saa kumi na mbili na robo nitasimama langoni kwenu, na kila anayeingia nitamwambia kwamba taa hii inawaka kabla ya wakati wake. Mvua inyeshe, mniite askari, mnifukuze kama mlivyomfukuza Hafidha, nitarudi kesho yake. Adhana ikitoka nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu kumgusa Mzee Abdulsalam begani, na asile kwa ishara nyingine yoyote. Na zile siku saba alizoharibiwa atazilipa mwenyewe Mungu akimpa afya. Lakini Mungu akimchukua kabla hajazimaliza, zilizobaki nitazifunga mimi kwa niaba yake, sitaacha hata moja. Hafidha, umenisikia. Loserian, umenisikia. Na wewe Nasri, uliyefunga kama nilivyofunga mimi, umenisikia."